Madurai, Thanjavur au Kanchipuram: siku mbili niende wapi?

Mwana_Tanga
Wadau, nipo Chennai, India, namuuguza mjomba. Binamu amekuja kunipokea zamu, nimepata siku mbili. Nataka kuona mahekalu ya kusini. Kila ninayemuuliza ana mji wake.

Fundi Seif
Kanchipuram, usijichoshe. Ni kilomita sabini na kitu, asubuhi unaenda jioni umerudi. Hekalu la Kailasanathar lilijengwa na wafalme wa Pallava mwanzoni mwa karne ya 8, na hakuna msongamano. Sari za hariri ndiyo kwao, ila bei piga moyo konde.

Mama Rukia
Hapana Seif, huko ataenda siku yoyote mjomba akilala. Panda treni ya usiku, uamkie Madurai. Hekalu la Meenakshi ndilo mji wenyewe: mitaa imelizunguka, wauza maua ya yasmini wamejaa milangoni. Minara 14, mingi imesheheni masanamu ya rangi kuanzia chini hadi juu. Ule wa kusini una mita 52 hivi. Ukumbi wa nguzo elfu nguzo zake ni 985, wazee hawakutaka kuhesabu sana! Baki mpaka usiku, mungu Sundareswarar anabebwa kwa machela kupelekwa chumbani kwa mkewe Meenakshi, ngoma na zumari mbele. Kila usiku hivyo hivyo. Ukitoka, kunywa jigarthanda, maziwa baridi yenye aiskrimu.

Mkongwe wa Reli
Rangi za Madurai zinanichosha macho. Kwa ujenzi, Thanjavur haina mpinzani. Mfalme Rajaraja wa ukoo wa Chola alilimaliza hekalu lake huko mwaka 1010, jiwe la matale tupu, mnara zaidi ya mita 60. Na angalia: mnara huo umekaa juu ya patakatifu penyewe. Madurai minara mirefu ni ya malango tu.

Mama Rukia
Kweli, mkuu. Lakini Thanjavur utalitazama jengo, Madurai utawatazama watu.

Mwana_Tanga
Basi nakata tiketi ya Madurai. Masharti?

Mama Rukia
Mchana wanafunga, wanafungua tena saa kumi. Kaptula hapana, chukua hata kanga ujifunge. Viatu na simu unaacha nje, kuna kaunta. Asiye Mhindu haingii patakatifu pa ndani kabisa, usibishane na mlinzi.

Fundi Seif
Picha je?

Mama Rukia
Za nje, Seif. Za nje.