Baba amelazwa kwa korona, ana sukari na presha. Nini kinaongeza hatari ya kumpoteza, na sisi ndugu tufanye nini?

Binti wa Makete

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa wahudumu wa afya mliomo humu.

Baba yangu ana miaka 68, mkulima wa viazi Makete. Mwishoni mwa Julai hii ya 2021 alianza kukohoa na kuishiwa nguvu. Nyumbani walimpigisha nyungu na kumpa tangawizi na limao, hakupata nafuu. Alipoletwa huku Mbeya kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma asilimia 82. Kilichotushangaza ni kwamba alikuwa anaongea vizuri tu, hata kutembea alitaka. Sasa yuko kwenye mask ya oksijeni, anacheza kwenye 91 na 92.

Ana sukari ya miaka mingi na presha. Tangu aanzishiwe sindano ya deksa (deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe wa mapafu) sukari imepanda hadi 22. Kaka zangu wanasema sindano ndiyo inammaliza. Wanataka tusaini, tumtoe, tumrudishe Makete na mtungi wa oksijeni wa kukodi. Mimi ni wa mwisho kuzaliwa, nikisema hawanisikii.

Naomba kujua madaktari wanaangalia nini wanaposema mgonjwa huyu yuko hatarini kuliko yule. Na je, kwa hali hii kumtoa ni sahihi? Tafadhali nijibuni ukweli hata kama ni mchungu.

Muuguzi wa Uyole

Pole sana dada. Nimefanya kazi wodi ya wagonjwa wa kupumua tangu wimbi la kwanza, na umeomba ukweli, basi nitakueleza ukweli.

Kinachoongoza kwa mbali ni umri. Uingereza waliangalia kumbukumbu za watu wazima zaidi ya milioni 17, wakaona aliyevuka miaka 80 ana hatari ya kufa kwa korona zaidi ya mara 20 ya mwenye miaka 50 na kitu. Hiyo ni kwa wananchi wote, siyo waliolazwa tu, lakini wodini tunaona mwelekeo uleule. Wanaume wanakufa zaidi ya wanawake. Halafu kuna sukari, hasa isiyodhibitiwa, unene uliopitiliza, figo, ini, moyo, saratani na kinga iliyoshuka. Kwa hiyo mzee ana mambo kadhaa dhidi yake, sitakuficha.

Lakini umri huwezi kuupunguza. Ninachotaka mshike ni yale yanayobadilika akiwa kitandani, na la kwanza ni hewa. Mgonjwa anayefika na oksijeni ya chini, au anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, yuko hatarini kuliko anayefika mapema. Korona ina tabia mbaya ya kushusha oksijeni huku mtu anaongea na kucheka, ndiyo maana 82 ya baba haikuonekana usoni. Usipime hali yake kwa jinsi anavyoongea.

Sasa deksa. Mwaka jana Uingereza walifanya jaribio kubwa linaloitwa RECOVERY. Dozi ilikuwa miligramu 6 kwa siku, hadi siku 10. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilipungua kwa karibu theluthi. Kwa waliokuwa kwenye oksijeni ya kawaida kama baba, karibu moja ya tano. Dawa za kuonyesha hivyo kwa ugonjwa huu ni chache mno. Na ni kweli kabisa inapandisha sukari, kaka zako hawajakosea kuona hilo. Ila dawa ya sukari kupanda ni insulini na kupima mara kwa mara, siyo kuacha deksa. Kesho asubuhi muulize daktari wa raundi maswali haya matatu: sukari inapimwa mara ngapi kwa siku, insulini imeanza, na je, anapata heparini, yaani dawa ya kuzuia damu kuganda? Ugonjwa huu unagandisha damu kwenye mishipa. Wachina wa Wuhan walioripoti wagonjwa 191 mwanzoni kabisa mwa janga, ambao 54 kati yao walifariki, waliona kipimo cha kuganda kwa damu kikiwa juu siku ya kulazwa ni dalili mbaya.

Jambo jingine, halina gharama: kama daktari anakubali na mzee anaweza, alale kifudifudi kwa saa kadhaa. Mapafu ya mgongoni yanafunguka. Wengine nimeona namba ikipanda palepale.

Kumtoa akiwa kwenye mask na anasoma 91? Hapana. Na kaka zako usibishane nao peke yako kwenye simu. Mwombe daktari aongee nao yeye mwenyewe, ikiwezekana wakiwa wote pamoja. Wakimsikia yeye watakusikia na wewe.

Mzee wa Tukuyu

Pole binti yangu. Mungu amsimamie baba. Sisi huku kila mwenye mafua tunampa deksa za vidonge kutoka duka la dawa, ameza mapema kabla hajazidiwa. Na nyungu msiache hata akiwa hospitali.

Mfamasia Mwanjelwa

Shikamoo mzee wetu. Kwa heshima zote naomba watu wasifuate hilo la deksa. Kwenye jaribio lilelile alilotaja muuguzi, wale ambao hawakuhitaji oksijeni deksa haikuwasaidia, na namba za vifo vyao zilielekea kupanda. Siku za mwanzo mwili unahitaji kinga yake ipambane na kirusi, na deksa inaituliza kinga. Mwenye sukari akimeza nyumbani bila kupima, anaweza kufika hospitali na sukari 30 akiwa hajitambui. Wamekuja dukani kwangu kuiomba kwa ajili ya familia nzima na sijawauzia.

Nyungu kwa mgonjwa aliye kwenye oksijeni ni kumvua mask ili avute mvuke. Dakika hizo oksijeni yake inashuka. Tafadhali msifanye.

Mdau wa Mafinga

Samahani kuingilia uzi. Kile kipimo cha kidole mbona kinadanganya? Nimenunua cha nyumbani, asubuhi kinasoma 86, mchana 95, na siumwi.

Muuguzi wa Uyole

Mdau, asubuhi Mafinga mwezi huu vidole ni barafu, damu haifiki vizuri nchani na kipimo kinapotea. Pasha mikono moto, futa rangi ya kucha kama ipo, tulia, subiri namba isimame. Pia sisi tunaishi juu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na Makete ni juu zaidi, kwa hiyo mtu mzima mwenye afya anaweza kusoma pungufu kidogo kuliko wa Dar.

Lakini kuna upande wa pili ambao unaniumiza zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kwamba kwa watu weusi vipimo hivi mara nyingine vinasoma juu kuliko hali halisi ya damu. Kwa hiyo mgonjwa anayesoma 92 anaweza kuwa chini ya hapo. Ukiona namba nzuri huku mtu anahema kwa nguvu au anachanganyikiwa, amini macho yako.

Kamwene Njombe

Dada, pole. Nina jambo ambalo watu hawalisemi. Utafiti wa 2016 na 2017 ulionyesha Njombe asilimia 11.4 ya watu wazima wana VVU na Iringa 11.3, juu kuliko mikoa mingine ya bara. Wazazi wetu wengi wanameza ARV kimyakimya, watoto hawajui. Wakilazwa wanaogopa kusema mbele ya ndugu, dawa zinabaki nyumbani kwenye kabati.

Kuna utafiti wa Afrika uliotoka Mei mwaka huu, hospitali 64 za nchi 10, majirani zetu Malawi na Msumbiji wakiwemo. Wagonjwa mahututi wa korona 3,140, karibu nusu walifariki ndani ya siku 30. Waliokuwa na VVU, sukari, au ugonjwa wa ini au figo walikuwa hatarini zaidi. Na waliocheleweshwa kuingia chumba cha mahututi kwa sababu ya uhaba wa vitanda na vifaa nao walikufa zaidi. Simaanishi baba yako ana VVU. Nasema mpeni nafasi aongee na daktari peke yake, bila mtoto wala mkwe pembeni. Nilimpoteza mjomba ambaye tulijua baada ya msiba.

Binti wa Makete

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Leo nimeuliza yale maswali. Insulini imeanza, heparini anapata tangu alipolazwa, na sukari imeshuka hadi 13. Amelala kifudifudi mchana na namba ikafika 94. Daktari ameongea na kaka mkubwa kwa simu, amelainika. Yule wa kati bado anasema atakodi mtungi, anaona ni suala la hela tu. Kuna mtu anaweza kunieleza hili la mtungi?

Fundi Mitungi

Dada, hii ndiyo kazi yangu, nahudumia mitambo ya hospitali. Mwambie kaka apige hesabu hii. Mtungi mkubwa ukiwa umejaa una kama lita 6,800. Uliza wodini baba anatumia lita ngapi kwa dakika. Kama ni 10, mtungi unakwisha ndani ya saa 11 na ushee. Maana yake mitungi miwili kwa siku moja na bado kuna pengo usiku. Kutoka Mbeya hadi Makete, barabara ile, atajaza wapi saa nane usiku? Mashine ya kuchuja hewa ya nyumbani nyingi zinaishia lita 5, na umeme ukikatika inazima.

Akishuka hadi lita moja au mbili na madaktari wakasema mnaweza kwenda naye, hapo tuzungumze, nitakuelekeza namna ya kuusimamisha mtungi salama, mbali na jiko na moto. Kwa leo mwambie kaka hela hizo aziweke kwenye insulini na mashine ya kupimia sukari, kwa sababu deksa ikisimama sukari itashuka na dozi itabidi ibadilishwe. Hiyo ataihitaji mpaka nyumbani.

Muuguzi wa Uyole

Sahihi fundi. Na dada, siku akiruhusiwa, uliza kwa maandishi dawa za damu kuganda anaendelea nazo au la, na tarehe ya kurudi kliniki. Chanjo imeshaanza kutolewa mikoani; uliza pia lini yeye anaweza kuchanja baada ya kupona, na mama kama yupo asisubiri.