Tupeane uzoefu: uliyewahi kufanya kazi kiwandani, hizo kazi zinaweza kurudi Nairobi?

Mpangaji wa Umoja: Wadau, kila kampeni ni viwanda. Ajenda Nne Kuu, mpango wa serikali wa 2017, iliahidi viwanda vitachangia 15% ya pato la taifa kufikia 2022. Mwaka ulifika, tukawa karibu nusu ya hapo. Siasa tuiweke kando, nataka kusikia waliochafua mikono.

Fundi Light Industries: Mimi huchonga moldi, yaani kalibu za chuma za kuumbia vitu vya plastiki, hapa Kariobangi. Dola ilipogonga shilingi 160 mwanzoni mwa 2024, watu waliokuwa wakiagiza vifuniko vya chupa kutoka China walikumbuka njia ya kwangu. Mmoja alitaka moldi kwa wiki mbili. Nikamwuliza, chuma nitoe wapi? Chuma kigumu cha moldi nacho huagizwa kwa dola hizo hizo. Na kung'arisha moldi hadi kifuniko kitoke bila mkwaruzo ni kazi ya mkono. Wazee walioijua wamestaafu, na katika ile miaka ya kuagiza tu hawakuwa na wa kumfundisha. Tulisukumana tukamaliza. Dola iliposhuka hadi 130 hivi, mteja akaacha kushika simu. Sasa niambieni, nani atakopa anunue leth mpya, mashine ya kuchongea chuma, kwa oda za namna hiyo?

Mama Tito, Mlolongo: Nilikuwa laini ya suruali za jeans, EPZ Athi River, lile eneo la viwanda vya kuuza nje. Kitambaa, zipu, vifungo, hata lebo, vyote vilishuka kutoka kwa kontena la Asia. Chetu kilikuwa kushona. AGOA, ile sheria ya Marekani ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, iliruhusu hivyo, na kusema ukweli ilinisomeshea watoto. Lakini muda wake ulipokaribia kuisha Septemba 2025, oda zilianza kusitasita, na sisi vibarua ndio tulioambiwa tungoje nyumbani. Kiwanda cha cherehani peke yake huhama haraka. Kungekuwa na pamba na kinu cha uzi karibu, kingefikiria mara mbili.

Kijana wa Gikomba: Mkianza kulaumu mitumba natoka.

Mama Tito, Mlolongo: Tulia, hata mimi huvaa.

Mstaafu Industrial Area: Sisi tulikuwa tunatengeneza sabuni. Wenye kampuni wakapiga hesabu ya stima, wakaona afadhali watengenezee Misri walete huku, maana ndani ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, haitozwi ushuru. Mashine zikauzwa kwa kilo. Jengo sasa ni ghala, na ghala linaajiri walinzi na wapakizi tu. Viwanda vikirudi, sidhani vitarudi vile vikubwa vya zamani. Naona vikianzia kwa watu kama huyu fundi, serikali na kaunti wakinunua kwake kila mwaka, si siku za maonyesho.

Mpangaji wa Umoja: Fundi, unachukua wanafunzi? Binti yangu amemaliza chuo cha ufundi.

Fundi Light Industries: Aje. Viatu vya kufunika vidole, nywele azifunge. Asubuhi mapema, kabla stima haijapotea.