Naomba ushauri: inveta inalia na kuzima nikitumia kompyuta mpakato ndani ya HiAce

Wakuu, habari za kazi. Nina HiAce ya dizeli niliyoifunga kitanda nyuma. Nalala humo nikienda kupiga picha za heroe Ziwa Natron, na usiku ndipo nahamishia picha kwenye kompyuta.

Chaja yake ni ya volti 19.5, wati 90. Naichomeka kwenye inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri ya gari uwe kama wa nyumbani) ya wati 150 iliyo kwenye tundu la kuwashia sigara. Injini ikiwaka, hakuna shida. Nikizima, hazipiti dakika ishirini inveta inaanza kulia, taa nyekundu, kimya. Betri ya ndani ya kompyuta imekufa, kwa hiyo kila kitu kinakatika hapohapo. Juzi nimepoteza picha za asubuhi nzima, imeniuma sana.

Nimepima kwa mita: kwenye betri volti 12.4, ila kwenye tundu, mzigo ukiwepo, 10.8. Waya wa nyuma ya tundu ni mwembamba kama wa spika, na ukiushika ni wa moto. Nimesafisha vichwa vya betri, hali ileile. Fundi kaniambia niweke fyuzi kubwa zaidi. Nimekataa, maana nalala juu ya waya hizo.

Nikivuta waya mpya kutoka kwenye betri, mita 4, je, milimita 4 za mraba zinatosha au niweke 6, na fyuzi ya ampea ngapi? Pili, niachane na inveta ninunue chaja ya kupandisha volti 12 hadi 19.5, au nianze na betri ya pili, gari lisije likagoma kuwaka kule porini?

Natanguliza shukrani.