Napika kwa familia ya Kiyahudi Nairobi, naombeni ushauri kuhusu kosheri (sheria zao za chakula) na vyakula vyetu vya pwani

BintiWaKilifi
Hamjambo wadau. Nina miezi miwili sasa napika kwa familia moja ya Kiyahudi hapa Nairobi. Watu wema, watoto watatu. Jikoni kila kitu ni mara mbili: vyombo vya nyama vina utepe mwekundu, vya maziwa utepe wa buluu, sinki mbili, hata vitambaa vya kufutia sahani haviingiliani. Mama mwenye nyumba alinifundisha siku tatu kabla sijashika kisu. Nyama na maziwa havipikwi pamoja wala haviliwi pamoja, na wakishakula nyama hungoja zipite saa sita ndipo waguse maziwa. Hayo nimeyashika.

Wiki ijayo mkwewe anakuja kutoka Haifa, Israel, na mama ameniomba Ijumaa jioni nipike vya kwetu: wali wa nazi, kuku wa kupaka, mchicha, na mahamri ya kula Jumamosi asubuhi. Watu tisa. Nimekuja na maswali matatu.

La kwanza, tui la nazi ni maziwa au si maziwa? Mimi hutumia la unga, la pakiti.

La pili, kila asubuhi nikifika namkuta mama ameshawasha jiko mwenyewe. Likizimika, anaacha kazi zake anakuja kuliwasha. Sijamuuliza, lakini linaniuma. Naona kama haniamini.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Juzi nilikoroga uji wa maziwa wa watoto, uko motoni unatokota, kwa mwiko wa utepe mwekundu. Nilishtuka, nikauosha, nikaurudisha mahali pake. Sijamwambia mtu. Nisaidieni.

MpishiWaZamani
Pole mwanangu. Mimi nilipika katika nyumba ya namna hiyo miaka kumi na tisa, naomba nianze na hilo la jiko maana nami liliniliza.

Si kwamba hakuamini, futa hilo moyoni. Katika sheria yao, chakula kilichopikwa na asiye Myahudi peke yake, hata kwa vyombo vyao na vitu vyao, hakiliwi. Myahudi akishiriki kidogo tu inatosha, na kwa wenye asili ya Ulaya kushiriki huko ni kuwasha moto. Kwa hiyo anapokuja kuwasha jiko, anafanya hivyo ili chakula chako wewe kiweze kuliwa na watoto wake. Angekuwa hakuamini asingekuachia sufuria. Ila muulize mapema asili ya mkwewe. Wenye asili ya Morocco au Iraq, wengi wao hawatosheki na kuwasha moto, hutaka Myahudi mwenyewe ainjike sufuria. Basi wewe andaa, ukoleze, ukate, kisha umwite mama aiteleke. Mimi nilikuwa namwita hata akiwa kwenye simu.

Tui la nazi si maziwa. Wana neno parve, maana yake kitu kisicho nyama wala maziwa: mboga, nafaka, mayai, matunda, samaki. Nazi imo humo. Ndiyo maana nasema sisi watu wa pwani tumebarikiwa katika jiko la kosheri. Wapishi wengine wanahangaika wafanye nini mchuzi wa kuku uwe mzito bila krimu wala mtindi, na wewe nazi yako iko hapo. LAKINI soma hiyo pakiti. Tui la unga mara nyingi hutiwa kaseinati, nayo hutokana na maziwa ya ng'ombe. Ukilitia kwenye kuku wa kupaka umeharibu kuku, sufuria na sahani zote tisa. Nunua nazi, uikune mwenyewe.

Na la mwiko: mwambie leo. Usingoje mkwe afike.

NabugoyeHill
Shalom dada. Mimi ni Myahudi, Mwabayudaya wa huku Mbale, Uganda. Wazee wetu waliishika Torati tangu 1919 wakati wa Semei Kakungulu, mwanzilishi wa jamii yetu, kwa hiyo kosheri kwetu ni ya jiko la kuni na matoke, haijaja na kitabu cha mapishi cha kigeni.

Nakazia alichosema mpishi kuhusu mwiko. Ukificha, familia nzima inaendelea kula kitu ambacho wangekataa, na hawajui. Ukisema, watamuuliza rabi, mwalimu wao wa dini, naye atauliza maswali ya kawaida kabisa: chakula kilikuwa cha moto? Mwiko ni wa mti au wa chuma? Ulitumika lini mara ya mwisho kwenye nyama, zimepita saa 24? Majibu hayo yanabadilisha hukumu. Wa chuma unaweza kutokoswa ukarudi kazini, wa mti huenda ukatupwa. Kila nyumba imewahi kukosea hivi. Mama yangu mzazi aliwahi.

Halafu mboga. Mchicha ndio utakaokuchosha kuliko kuku. Kula mdudu kumekatazwa vikali, hata yule mdogo mnayesema "ataiva tu". Loweka majani kwenye maji ya chumvi, suuza mara kadhaa, kisha inua jani moja moja kwenye mwanga, pande zote mbili. Mchele uchambue kwenye ungo, unga uchekeche. Yai livunje kwanza kwenye kikombe, ukiona damu limwage, chukua jingine.

MwanaMtopanga
Dada, mimi ni Muislamu, nina jambo moja. Usije ukadhani nyama halali inatosha, kwamba sote hatuli nguruwe. Kwao mchinjaji ni mtu aliyesomea, na nyama hutolewa damu: huloweshwa nusu saa, hutiwa chumvi saa nzima, kisha husuuzwa. Kwa hiyo usinunue hata robo ya nyama kwa hiari yako, pika ile waliyoiweka kwenye friza. Ini ni lazima lichomwe juu ya moto, halikaangwi moja kwa moja.

Ngamia sisi twala, wao hawali. Kamba, kaa, pweza, ngisi, vyote hapana. Samaki awe na mapezi na magamba: changu, nguru, jodari, sato, sawa. Papa na kambare usiwalete. Na samaki hawamchanganyi na nyama kwenye sahani moja, kwa hiyo ukitaka kuanza na samaki wa nazi, mpikie chombo chake.

BintiWaKilifi
Allah awalipe, na Mungu awabariki nyote. Pakiti nimeisoma sasa hivi, kaseinati imeandikwa. Nimekaa chini.

Naomba na hili: mahamri mimi huyatia maziwa ya unga yawe laini. Na mama amesema nijaribu pia ule mkate wao wa Sabato wa kusukwa. Kuna anayeujua?

MpishiWaZamani
Maziwa ya unga acha kabisa. Mkate wa ngano kwao hautiwi maziwa, isije mtu akausahau akala na nyama. Mahamri ukande kwa tui zito, iliki na sukari, yatakuwa laini kuliko hayo ya maziwa. Kaanga Ijumaa mchana, kwa sababu jua likizama hakuna kupika wala kukaanga tena hadi Jumamosi usiku, na usijitolee kuwapikia siku hiyo. Mishumaa huwashwa kama dakika 18 kabla ya jua kuzama, hapa Nairobi hesabu kwamba saa kumi na mbili kamili uwe umemaliza. Wana bati la umeme linalowashwa mapema, chakula kilichoiva kinakaa juu yake.

Mkate wanauita hala. Unga kilo moja, hamira kijiko kimoja kikubwa, sukari gramu 100, chumvi vijiko viwili vya chai, mayai matatu, mafuta nusu kikombe, maji ya vuguvugu kama mililita 400 (yatie kidogo kidogo, unga wetu hutofautiana). Kanda dakika kumi hadi donge liache kunata, funika saa moja na nusu. Gawa mara mbili, maana mezani huwekwa mikate miwili, ukumbusho wa ile mana iliyoanguka maradufu siku ya sita. Kila fungu toa nyuzi tatu, usuke kama unavyosuka ukili. Acha iumuke tena dakika 40, paka yai, nyunyiza simsim, oka nyuzi joto 180 kwa nusu saa. Gonga chini, ukisikia mlio wa utupu umeiva.

NabugoyeHill
Kwa kilo moja sawa. Ukikanda unga unaozidi kilo moja na robo hivi, usioke kabla mama hajaja. Kuna kipande kidogo anachotenga kwenye donge na kukichoma, na hicho ndicho hasa kinachoitwa hala, mkate umekopa jina tu. Donge la mahamri pia mwonyeshe.

Jambo jingine: zamani waliopika nyama kwa maziwa ya lozi waliweka lozi zenyewe mezani, ili anayetazama asidhani ni ya ng'ombe. Bibi wa Haifa akiona kuku kwenye mchuzi mweupe anaweza kushtuka kabla hajauliza. Weka vipande vya nazi kando ya sinia.

BintiWaKilifi
Nimemwambia mama, mikono ikitetemeka. Alinyamaza, akampigia rabi mbele yangu. Mwiko ulikuwa wa mti, umetupwa. Sufuria ya maziwa imewekwa kando hadi rabi aje kuitazama kesho. Kisha akanishika bega akasema, "Asante kwa kuniambia." La jiko nalo nimemuuliza, naye akasikitika kwamba hakunieleza siku ya kwanza.

Nazi sita nimenunua Marikiti. Mbuzi ya kukunia ni mpya, amenunua mama mwenyewe, tayari ina utepe wa kijani wa vyombo vya parve.

MwanaMtopanga
Ukikuna usifike kwenye kifuu, tui litaingia weusi. Na kila nazi ionje maji yake kwanza, moja mbovu huchachisha sufuria nzima.