Mrejesho: mchezo wa kubahatisha rangi kwenye kompyuta ya ZX Spectrum

Niliuliza kwa nini programu yangu ya Mastermind (mchezo wa kubahatisha fumbo la rangi zilizopangwa, ambapo alama nyeusi ni rangi sahihi mahali pake na nyeupe ni rangi sahihi mahali pasipo pake), niliyoiandika kwa lugha ya programu ya BASIC kwenye ZX Spectrum ya mwaka 1982, ilitoa alama nyeupe kupita kiasi kila rangi ilipojirudia. Nashukuru kwa majibu. Kosa limepatikana, nalo lilikuwa langu.

Fumbo likiwa nyekundu, buluu, kijani, njano, nami nikabahatisha nyekundu, nyekundu, buluu, buluu, programu ilinipa nyeusi 1 na nyeupe 3, ilhali jibu sahihi ni nyeusi 1 na nyeupe 1. Sasa, kwa kila rangi, nahesabu imetokea mara ngapi kwenye fumbo na mara ngapi kwenye jaribio, nachukua idadi iliyo ndogo, najumlisha zote, kisha natoa nyeusi. Kinachobaki ndicho nyeupe.

Nimejaribu pia ushauri wa kuifanya mashine yenyewe ibahatishe. Rangi 6 katika nafasi 4 huzaa mafumbo 1,296, na mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth alionyesha mwaka 1977 kwamba majaribio 5 yanatosha daima. Mbinu yake ni nzito mno kwa BASIC, hivyo nimeridhika na kuchagua fumbo lolote lisilopingana na majibu yaliyotangulia, ingawa hata hilo huniachia muda wa kunywa chai.