Mtoko wa wawili Mtwara: tembo, uraka, au tukae baa tu?

Mgeni_Shangani
Wakuu, habari za Kusini. Mchumba anakuja kutoka Dar mwishoni mwa Oktoba, siku tatu. Kule kazoea zile sehemu za kuonja bia palepale inapotengenezwa, mnaonyeshwa matangi, mnaonja kidogo kidogo. Huku kiwanda cha bia hakuna; TBL wako Dar, Arusha, Mwanza na Mbeya. Nataka kitu cha namna hiyo ila cha kwetu: tembo la mnazi kwa mgema, au uraka, ile pombe ya mabibo ya korosho. Twende saa ngapi, tubebe nini, na kipi kinaweza kutuharibia siku? Yeye si mnywaji, bilauri moja inamtosha.

Kotama
Oktoba umelenga, mabibo yamejaa. Ila naanza na tembo.

Usimfuate mgema saa saba mchana, utakuta mnazi peke yake. Anapanda alfajiri na jioni, na kinachofaa kutazamwa kiko juu. Karara likiwa halijapasuka linafungwa kamba, linakatwa ncha, kisha kila akipanda anachonga kipande chembamba kama karatasi kwa kotama, kisu cha mgema, ili kidonda kisizibe. Akiruka siku, utomvu unakauka na karara hilo linaweza kuwa limekufa. Chini ya ncha ananing'iniza kibuyu, siku hizi mara nyingi ni kidumu cha plastiki.

Mwambieni siku moja kabla kwamba mnakuja kutazama, na muda wake mlipie kando ya bei ya tembo. Fikeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Msisimame chini ya mnazi: nazi na kotama vyote hushuka bila hodi. Akishuka, onjeni hapo hapo. La asubuhi ni tembo tamu, hata asiyekunywa pombe halimdhuru.

BintiMikindani
Kotama, kote uko sawa isipokuwa sentensi ya mwisho. Tembo la asubuhi limelala juu usiku kucha, tena kwenye chombo chenye hamira ya jana. Linaanza kuchacha tone la kwanza linapodondoka, na kwa saa chache kilevi kinakaribia asilimia 4, yaani bia. Utamu unaousikia ni sukari iliyobaki, ndiyo inayowadanganya wageni wakapiga bilauri tatu kabla ya chai.

Mkitaka tamu kweli, mwombeni mgema atege chombo kilichosuuzwa kwa maji ya moto, akishushe baada ya saa mbili tu. Mtapata kidogo, pengine kikombe, lakini ndicho cha huyo asiyekunywa. La jioni ni kali. La kesho yake linaelekea kwenye siki, hilo tieni kwenye kachumbari ya pweza.

Kosa linalorudiwa sana ni kujaza chupa hadi shingoni, kukaza kizibo na kupanda nayo bodaboda. Mikindani hadi mjini ni kama kilomita 10, na gesi haisubiri. Acheni robo tupu, kizibo kilegee.

Na ile methali ya mgema kusifiwa ni onyo la sokoni. Nendeni na bilauri ya kioo. Tembo zima ni jeupe zito, na vipovu vinaendelea kupanda pembeni hata ukiliacha. Lililotiwa maji unaona kidole upande wa pili, na povu lake linazima upesi. Nyuki wawili wanaoelea si uchafu, wamefuata sukari; chujeni kwa kitambaa cheupe.

Mabibo_Mekundu
Kwenye uraka: nendeni shambani asubuhi na ndoo. Okoteni mabibo yaliyoanguka usiku huo, yasiyopasuka. Bibo halivumilii, likipita siku moja chini limeshaanza kuharibika na uraka wake unanuka. Korosho inanyongolewa kwanza, na wala msiitafune mbichi: mafuta ya ganda lake yanababua midomo na vidole. Bibo linakamuliwa, maji yanachujwa, yanaachwa hadi siku ya pili. Kwa hiyo mkitaka kukamua na kunywa mlichokamua wenyewe, pangeni siku mbili mfululizo.

Mavaazi meupe yaacheni nyumbani. Maji ya bibo yakikauka yanaacha doa la kahawia lisilosikia sabuni.

Kwa asiyekunywa, tengenezeni juisi siku hiyo hiyo. Ule ukakasi unaokwaruza koo unaondolewa kwa uji mwepesi wa mchele uliopoa, kama mililita 125 kwa lita 1 ya maji ya bibo. Koroga, acha itulie hadi uchafu uzame, mimina ya juu iliyo safi. Wanaoruka hatua hiyo wanamwaga sukari nyingi wakidhani ni uchachu. Si uchachu.

Mgeni_Shangani
Asanteni sana. Na nikiambiwa kuna "kitu kikali zaidi" cha mabibo hayo hayo?

BintiMikindani
Hiyo ni gongo, kataa kwa upole. Kuipika bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Moshi (moshi ndiyo gongo) ya mwaka 1966, na anayepika kwa pipa na bomba hana namna ya kupima methanoli. Methanoli inapofusha.

Jambo jingine: huku pwani majirani wengi ni Waislamu. Kunyweni palepale mnaponunulia, msipite mitaani na chupa mkononi. Mkifika semeni shikamoo kabla ya kuuliza bei. Na mle kwanza, mihogo ya kuchoma inatosha. Tembo kwenye tumbo tupu linaendesha.

Mgeni_Shangani
Na mvua ikinyesha siku hiyo?

Kotama
Hamia kwenye juisi ya mabibo, mkae barazani. Shina likilowa linateleza, mgema mwenye akili hapandi. Na kilichomo kwenye kidumu huko juu kitakuwa kimetiwa maji bila mkono wa mtu, hata wa kumlaumu humpati.