Mrejesho: meza ya pili ya sambaza nimeifunga

Asanteni sana ndugu zangu. Niliuliza kama niendelee na meza mbili za kuuza sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) hapa Bukavu, moja mtaa wa Kadutu na nyingine Nguba. Nilifuata ushauri wa kuandika kila meza kwenye daftari lake kwa siku 30, siyo 7. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa za wavuvi hazivuti samaki vizuri, bei inapanda, na wiki moja inadanganya. Nilipotoa usafiri, barafu na posho ya muuzaji, kumbe Nguba ilikuwa inakula faida ya Kadutu! Imefungwa. Madeni ndiyo yamenishinda: kati ya wadaiwa 11 wamelipa 4 tu. Kusanyeni kwanza, ndipo mtangaze kufunga. Wakishajua unaondoka, simu hazipokelewi.